Ini na Dawa za Tezi Dume: Utangulizi

Huenda unamuuguza mzee hapo Rwamishenye, Bukoba, anayetibiwa saratani ya tezi dume, ukamsikia daktari akiagiza ini lipimwe. Ukajiuliza, na ni swali zuri sana: tezi iko chini ya kibofu, ini liko juu, ubavu wa kulia, yamekutana wapi?

Tuanzie kwenye homoni, yaani kemikali inayotengenezwa sehemu moja ya mwili na kusafiri kwa damu kwenda kuongoza kazi kwingine. Testosteroni, homoni ya kiume, hutoka hasa kwenye korodani. Hiyo ndiyo huistawisha tezi dume, na saratani yake pia. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba mgonjwa akiondolewa korodani, au akipewa estrojeni, homoni ya kike, saratani hiyo hunywea. Huggins alitunukiwa Nobeli mwaka 1966.

Estrojeni iliyoenea ilikuwa kidonge cha maabara, diethilistilbestroli. Hapa tuende polepole, maana ndipo penye kiini. Damu itokayo kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupitia kwanza kwenye ini. Basi dawa inayomezwa hulifikia ini ikiwa bado kali, kila siku, kwa miaka. Baadhi ya wanaume waliotumia kidonge hicho muda mrefu walipata uvimbe wa ini, hata angiosakoma, saratani adimu inayoota kwenye kuta za mishipa ya damu. Siproteroni, kidonge kinachoizuia testosteroni isifanye kazi, nacho kimehusishwa na uvimbe wa ini, ingawa ni mara chache.

Usikimbilie kuilaumu dawa, hata hivyo. Kwetu uvimbe wa ini huletwa zaidi na virusi vya homa ya ini aina ya B, sumukuvu ya mahindi na karanga, na pombe. Saratani ya tezi yenyewe huweza kusambaa hadi kwenye ini, japo kwa kawaida hutangulia kwenye mifupa. Ultrasaundi huonyesha kwamba uvimbe upo. Kujua ni wa aina gani mara nyingi hudai kinyama kichukuliwe na kuchunguzwa, na kwa hilo mgonjwa wa Bukoba huweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.

Muulize daktari mzee anatibiwa kwa njia gani. Upasuaji wa korodani, au sindano ya goserelini inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo, havipitii utumboni. Kama anameza vidonge, omba ini lipimwe mara kwa mara. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukikolea rangi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Asiache dawa kabla daktari hajasema.