Shahidi Ndani ya Chokaa

Mwashi wa pwani aliyezoea kupaka chokaa hujua kwa mkono wake jambo ambalo wanakemia hulieleza kwa hesabu, ya kwamba mawe ya matumbawe yakichomwa tanurini hupungua uzito na kuwa unga, na unga ule ukichanganywa na maji na kukandikwa ukutani hurudi polepole kuwa jiwe. Kinachotoka kwa moto, kisha kikarudi wakati wa kukauka, ni kitu kimoja, nacho ni hewa ukaa, ile ile itokayo puani mwa kila mwenye uhai. Chokaa ina kiu ya hewa hiyo. Na kiu hiyo, iliyoshikamanisha kuta za Kilwa na Lamu kwa karne nyingi, ndiyo leo imwezeshayo mzamiaji kukaa saa mbili tatu chini ya bahari bila ya kutoa hata povu moja.

Mzamiaji wa kawaida hubeba mtungi wa hewa mgongoni, huvuta, na pumzi aitoayo hupanda juu kwa mapovu ikapotea. Huo ni ubadhirifu, kwa kuwa mwili hutumia sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo katika kila pumzi, na kadiri mtu ashukavyo ndivyo hasara izidivyo. Mtambo uitwao ribritha umeundwa kuizuia hasara hiyo: pumzi itokayo kinywani hupita katika bomba mpaka kwenye kopo lililojazwa chembe za chokaa ya soda, ndogo mfano wa punje za ulezi, karibu kilo mbili na nusu katika mitambo mikubwa, chokaa hukamata hewa ukaa, mtungi mdogo hufidia oksijeni iliyotumika, na pumzi iliyosafika humrudia mwenyewe. Hila hii si ngeni. Mwingereza Henry Fleuss aliibuni mwaka 1878, kwa nyuzi za kamba zilizoloweshwa potashi kali, na mwaka 1880 mzamiaji Alexander Lambert aliuvaa mtambo wake akaingia katika handaki la reli lililofurika chini ya mto Severn, akaenda gizani futi 1,000 hivi kufunga milango ya maji. Hakuwa na kitu cha kumwarifu kama dawa aliyoibeba ilikuwa bado na nguvu au imekwisha.

Hapo ndipo penye shida mpaka leo. Chembe ya chokaa iliyokwisha kazi hailii wala hainuki, na kwa macho aghalabu haitofautiani na ile iliyotoka sasa hivi katika ndoo yake. Mtu angedhani kuwa mwili wenyewe utamzindua mwenyewe, lakini mwili si mlinzi wa kutegemewa. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2015, watafiti wa Auckland, New Zealand, waliwatia watu mitambo vinywani wapumue kwa dakika tano, pasipo kuwajulisha kama chokaa iliyomo ni nzima, au ina kasoro, au haimo kabisa. Wakapatikana waliotimiza dakika zote tano bila ya chokaa yoyote wakasema hawana neno, na pale chokaa ilipokuwa na kasoro ya sehemu tu, wengi mno hawakutambua. Na chini ya maji anayetambua huenda akatambua akiwa amekwisha chelewa, kwani hewa ukaa ikizidi katika damu humfanya mtu aheme kwa nguvu, kichwa kimwume na akili imvurugike, hata asiweze kuziba pumzi kwa sekunde chache zinazohitajika kutoa kipande kimoja mdomoni na kutia kingine chenye hewa ya akiba.

Kwa haja hiyo mafundi walitafuta shahidi wa kumweka ndani ya kopo. Chokaa ikikamata hewa ukaa hupata joto, na joto hilo halienei mara moja katika kopo zima, bali huanza upande ambao pumzi huingilia, ambako chokaa hufanya kazi kwanza, kisha husogea mbele kadiri chembe za nyuma zinavyochoka na kupoa, mfano wa moto wa nyikani unaoacha majivu nyuma na kufuata majani mabichi. Basi wakapitisha katikati ya chokaa kijiti chenye vipima joto vilivyopangwa kwa safu, na kompyuta ndogo ikawekwa kuzisoma habari zake na kuzionyesha kwenye kioo cha mkononi kwa vipande vyeusi. Palipo na joto pana weusi. Weusi ukisogea hadi mwisho wa safu, mzamiaji ajue kuwa chokaa mbichi iliyobaki ni kidogo, na imempasa kurejea.

Je, shahidi huyo ni mkweli? Mwaka 2019 Profesa Simon Mitchell wa Chuo Kikuu cha Auckland pamoja na wenzake, wakiwamo watafiti wa Sweden, walitangaza matokeo ya kuijaribu mitambo ya aina mbili yenye vijiti hivyo, Inspiration na rEvo. Waliizamisha katika maji ya nyuzi 19 za Selsiasi, wakaiunganisha na mashine iliyopumua na kutoa hewa ukaa badala ya binadamu, wakangoja mpaka hewa ukaa ipenye na kufikia kilopaskali 1, yaani kama sehemu moja ya mia ya mgandamizo wa hewa tunayoishi ndani yake. Kwa mgandamizo wa juu ya nchi, mashine ilipopumua kama mtu aliye kazini, vijiti havikutoa onyo la kufaa katika majaribio yote 12. Lakini mitambo ilipotiwa katika mgandamizo wa kina cha mita 3 hadi 6 tu, onyo lilitangulia hatari mara 11 katika 13. Na katika zile mbili zilizosalia, onyo moja lilichelewa kidogo na jingine kwa dakika 13. Hata baina ya mitambo yenyewe palikuwa na tofauti ya tabia, kwani rEvo ilionya mapema mno, karibu saa nzima kabla ya wakati, ilhali Inspiration, mara nyingi, ilionya hatari ikiwa mlangoni.

Matokeo hayo yanampa shahidi heshima, lakini yanatufundisha pia mipaka ya ushahidi wake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao hawakusema kuwa mawingu ni mvua. Kijiti huona joto, na kutokana na joto hukisia kazi ya chokaa; hewa ukaa yenyewe hakijapata kuiona. Mzamiaji akijaza kopo kwa pupa, asilipigepige ubavuni ili chembe zishikane, baadhi ya pumzi itajipatia njia kati ya chokaa na ukuta wa kopo. Au akisahau pete moja ya mpira isiyozidi upana wa bangili ya mtoto, pumzi chafu itapita kando na kurudi kinywani kama ilivyotoka. Chokaa ya katikati itaendelea kupata joto lake la haki, na kioo kitaonyesha vipande vyeusi vilivyo sawasawa kabisa, wakati mwenyewe anavuta sumu.

Kwa kasoro hiyo kuna shahidi wa pili, kihisi kinachopima hewa ukaa yenyewe kwa mwanga usioonekana kwa macho, kikiwekwa upande ambao pumzi hutokea baada ya chokaa. Huyu humfichua mwizi apitaye kando, lakini naye ana adui wake, unyevu, kwa kuwa pumzi ndani ya mtambo imejaa mvuke, na matone yakitua juu ya kijidirisha chake hukoroga hesabu. Tena vali za mpira zilizo karibu na kinywa, ambazo kazi yake ni kuielekeza pumzi upande mmoja, zikikunjika, mtu huvuta tena pumzi yake mwenyewe kabla haijafika kwenye chokaa, na mashahidi wote wawili, waliokaa mbali, hunyamaza.

Na lipo shauri ambalo hakuna kati yao awezaye kuitwa kulitolea ushahidi. Januari 2005, David Shaw, rubani wa Australia, alifia katika pango la Boesmansgat, Afrika Kusini, kina cha mita 270 hivi, akijaribu kuutoa mwili wa kijana aliyezama humo miaka kumi nyuma. Kamera aliyoivaa kichwani ilihifadhi sauti ya pumzi zake zikizidi kasi. Kwa kina kile gesi huwa nzito hata mapafu ya mtu afanyaye kazi yasiweze kuisukuma inavyopasa, na hewa ukaa ikarundikana katika damu yake. Jambo hilo laweza kutokea hata chokaa iwe bora na pumzi ivutwayo iwe safi.

Kwa hiyo mzamiaji mwenye hadhari hukisikiliza kijiti kinaponena hatari, wala hakichukui kuwa idhini kinaponyamaza. Hupima muda wa chokaa kwa saa na daftari, akiukata zaidi maji yanapokuwa baridi au kazi nzito. Na jioni, akiwa ameketi juu ya gogo ufukoni, hulifungua kopo na kuimwaga chokaa yote ndooni, ingawa kioo, dakika chache kabla hajatoka majini, kilikuwa bado kinaonyesha nafasi ya kutosha. Chembe zile ni nyeupe vile vile kama asubuhi. Lakini nyingi katika hizo zimekwisha kunywa na kurudi kuwa jiwe, na kwa kuzishika mkononi hawezi kujua zipi.