Mizani ya Hewa

Mkulima hutazama wingu lililo juu ya shamba lake; kumbe pengine mvua yake yategemea bahari ya mbali asiyopata kuiona. Jambo hili lilijulikanaje?

Mwaka wa 1877, na tena mwaka wa 1899, pepo za kusi hazikuleta mvua ya kutosha Bara Hindi. Ikaingia njaa kuu, watu wengi mno wakafa. Mwaka wa 1904 Gilbert Walker, Mwingereza bingwa wa hesabu, akawekwa kuwa mkuu wa kazi ya kupima hali ya hewa huko. Swali lake lilikuwa hili: Je, yawezekana kujua mapema kwamba mvua zitakosekana?

Walker hakutazama Bara Hindi peke yake. Alikusanya hesabu za mvua, joto na uzito wa hewa kutoka pande nyingi za dunia, na makarani wake wakazilinganisha kwa mkono. Ikaonekana ajabu: hewa ni kama mizani. Uzito wake ukizidi upande wa Australia na Bahari ya Hindi, hupungua katika Pasifiki ya mashariki. Kisha hugeuka, pasipo majira maalumu.

Sababu ilielezwa mwaka wa 1969 na Jacob Bjerknes, mtaalamu wa asili ya Norway. Karibu na Indonesia maji ya bahari huwa na joto. Hewa hupanda na kufanya mawingu. Huko juu huelekea mashariki, hushuka penye maji ya baridi karibu na Amerika ya Kusini, kisha hurudi magharibi ikivuma juu ya bahari. Maji ya mashariki yakipata joto, mzunguko huo hulegea. Ndiyo El Niño.

Mara nyingi, wala si kila mara, El Niño hupunguza mvua Bara Hindi, na huku Afrika ya Mashariki huzidisha mvua za vuli, hasa bahari yetu nayo ikiwa na joto. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1997, mafuriko yalipoharibu mashamba na barabara.

Walker hakufaulu kuitabiri mvua kama alivyotaka. Lakini pasipo daftari zile, mizani isingalionekana. Basi mwanafunzi anayesoma kipimo cha mvua kila asubuhi, akaandika hata siku isiyopata tone, asidhani kazi yake ni ndogo.