Je, Wajua? Ofisi ya Fidia Iligeuka Ukumbi wa Maakuli

Mkazi wa Ganjoni, Mombasa, aliyezoea maduka ya vitu vya kale ya Ndia Kuu akifika Mji Mkongwe, Unguja, na apande ngazi za hoteli ya Emerson on Hurumzi.

Jumba hilo lilikuwa la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa karne ya 19 aliyesimamia forodha ya Sultani. Baadaye likawa ofisi ya Waingereza ya kuwalipa mabwana fidia ili watumwa waachwe huru; habari nzito, isiyostahili kufunikwa na harufu ya pilau.

Miaka ya 1990 Mmarekani Emerson Skeens na mwenzake walilifanya hoteli, wakalipamba kwa samani za kale. Darini, wageni huvua viatu, huketi kwenye mito, na huletewa mapishi ya Kiajemi, Kiomani na Kizanzibari.