Mkoromo na Nguvu za Kiume

Ukitaka kujua kama mwanamume wa Kiirua, kule Meru, huacha kupumua usingizini, usimuulize yeye. Muulize mkewe. Ndiye anayekesha kwenye baridi ile akisikiliza mkoromo ukipanda kama trekta kwenye shamba la ngano, halafu kimya. Sekunde 10, 20, pengine zaidi. "Baba nanii, hebu geuka!" Mume anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, na trekta linawaka upya.

Misuli ya koo hulegea usingizini, ulimi ukarudi nyuma, njia ya hewa ikaziba. Oksijeni hushuka mpaka ubongo umzindue mtu nusunusu. Pumzi ikikatika mara 5 kwa saa, ugonjwa umeanza. Ikifika 30, ni mkali.

Mchana, bwana huyo huyo hununua mzizi wa mukombero kwa siri, apate nguvu, au huilaumu miraa, maana chumbani mambo yamelala. Koo halimjii akilini. Kumbe uume wenye afya husimama wenyewe mara kadhaa kila usiku, hasa katika usingizi wa ndoto, na humo ndimo koo la wengi huziba zaidi, usingizi ukakatika. Mishipa ya damu inayokosa hewa usiku baada ya usiku nayo hutoa kwa uchache naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza ili damu ijae. Hata sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, hutegemea gesi hiyo hiyo.

Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walieleza mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe. Wanaume wengi wanaoivaa kila usiku hupata nafuu kitandani. Si wote: kisukari, presha na baadhi ya dawa zake huwa na mkono wao. La kushangaza, testosteroni kwa kawaida haipandi sana kwa mashine hiyo. Na anayekimbilia sindano za homoni kabla ya kupimwa anaweza kuzidisha kule kuziba.

Mashine ni ghali na hutaka stima usiku kucha. Kupunguza kitambi, kuacha pombe ya jioni na kulala ubavu husaidia pia, ingawa kwa ugonjwa mkali havitoshi. Tena kuna jambo ambalo maabara haipimi: mke aliyehamia chumba cha watoto kwa ajili ya kelele hawezi kurudishwa na mukombero.

Kabla hajahama, airekodi ile kelele kwa simu, na kile kimya chake. Daktari atataka kukisikia.