Masomo ya bure ni haki ya kila mtoto



Pale wahami wanapofika wengi, ugomvi huanza mara nyingi kwenye benchi la shule. Mwenyeji anasema: «Watoto wa wageni wamejaza darasa.» Mhami anasema: «Mwanangu wanamfukuza.» Basi, tuone sheria inasema nini.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika shule za serkali. Zile shule za serkali zinazoongozwa na makanisa zimo pia. Katiba haikusema «kwa wazaliwa wa hapa tu».

Lakini kwa miaka mingi wazazi waliendelea kuwalipa walimu kwa ile feza inayoitwa «prime». Mama asiye na kitu alilazimika kuchagua mtoto gani asome, na mara nyingi msichana ndiye alibaki nyumbani. Mwezi wa Septemba 2019 ndipo serkali ilianza kutekeleza masomo ya bure nchini kote.

Mzigo ulipungua, haukuisha. Madaftari, kalamu na nguo za shule zilibaki juu ya mzazi. Watoto walifurika, madarasa yakawa machache, na walimu wengine walifundisha bila mshahara kwa kuwa majina yao hayakuwa kwenye liste ya serkali. Ndiyo sababu shule nyingine ziliendelea kuomba feza.

Ukiombwa feza, usimtoe mtoto shuleni, wala usimtukane mwalimu. Pengine naye ana njaa. Uliza ni feza ya nini, omba karatasi ya malipo, upeleke jambo kwa komite ya wazazi. Wakishindwa, nendeni kwenye ofisi ya serkali inayosimamia shule, wenyeji na wahami pamoja.

Nanyi wakubwa, wahami wakifika, andikeni majina ya watoto mapema, mkae na direkta wa shule. Darasa likijaa, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana zinaweza kusaidia.

Deni hili ni la serkali kwa watoto wote. Mhami hakumwibia mwenyeji nafasi, na mwenyeji hamgawii mhami sadaka. Mkidai pamoja, mtasikiwa zaidi.