Songo Mnara: Mgeni Aliishia Wapi?

Wageni wengi huvuka kutoka Kilwa Masoko, wakapiga picha za magofu ya kisiwa cha Songo Mnara, kisha wakakimbilia boti kabla maji hayajapwa. Wakiondoka hivyo, wamekosa somo zima la adabu lililojengwa kwa mawe.

UNESCO, iliyoiingiza Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani, huhesabu misikiti 5 na nyumba zipatazo 33. Ingia katika nyumba mojawapo kubwa. Ngazi pana, zinazokalika vizuri tu, zinakushusha uani. Mbele yako kuna chumba kirefu chembamba, nyuma yake kingine, na vyumba vya familia vimejificha ndani kabisa, ambako mwanga hufika kwa shida. Mgeni wa biashara aliishia uani na vyumba vya mbele. Fundi alishaamua nani afike wapi.

Kwa nini tahadhari hiyo yote? Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, anatusaidia anaposimulia Mogadishu. Meli ikifika, vijana walitoka na mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Aliyempa mfanyabiashara sahani alitamka kwamba huyo ni mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni alilala kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mauzo yaliyofanyika nyuma ya mgongo wa mwenyeji hayakukubalika. Ukarimu ule, basi, ulikuwa pia dhamana. Songo Mnara ilijengwa baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 14, na sidai ilifuata kanuni hiyo hatua kwa hatua. Ila mtu anayemlaza mfanyabiashara nyumbani kwake anahitaji ua wa namna ile.

Mgeni wa leo naye ana mipaka yake. Kibali cha kuona magofu hupatikana Kilwa Masoko, lakini hakifungui milango ya kijiji cha jirani. Piga hodi mara tatu. Kukiwa kimya, ondoka. Mzee mwamkie shikamoo, uulize habari za nyumbani kabla ya kuuliza bei ya samaki. Mabega na magoti yafunikwe. Kwenye makaburi ya magofuni, wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walikuta sarafu na vijiwe vilivyoachwa na waliokuja kuwakumbuka marehemu. Kwa hiyo usiokote hata kokoto. Na kuta usizipande, tafadhali.