Mshenga Aliyeng'olewa Kitengela

Gari langu ni kuukuu, wala sioni haya kulisema. Nililinunua mkononi mwa mtu, nikalifufua kwa vijisenti vya mashairi na makala, na kwa miaka tisa limenipeleka mazikoni na harusini bila ya kunitia aibu. Basi Jumamosi moja nilikuwa nakwenda Kajiado kumzuru sahibu yangu, mwalimu mstaafu wa kemia. Nilipokwisha kuvipita viwanda vya saruji vya Athi River nikaona gari linachoka. Nikikanyaga mafuta lalia tu, haliendi. Malori ya Namanga yakanipita yote, na hata trekta iliyobeba nyasi ikanipita. Nilipofika Kitengela nikaona heri nisimame mwenyewe kabla ya kusimamishwa.

Fundi aliyenipokea alikuwa kijana mchangamfu, ovaroli imelowa grisi. Aliingia uvunguni, akagongagonga, akatoka akicheka. "Mzee, hii gari haiwezi pumua. Hii kitu ya huku chini imeziba. Tutoe tu, utaona vile itaruka. Hata sitakulipisha." Ndicho Kiswahili cha bara hicho, msomaji, nami sikuwa na nia ya kumsomesha ngeli mtu aliyeshika spana. Nikakubali. Akalikata bomba la moshi, akatoa kopo la chuma lililotuna kama tumbo la chewa, na pahali pake akaunga kipande cha paipu. Kweli gari likaruka. Likanguruma pia, hata ng'ombe wa Isinya wakainua vichwa kuniangalia.

Mwenyeji wangu aliyasikia makelele tangu njiani. Nilipoingia uani kwake hakunipa hata mkono. "Maalim, umeing'oa katalitiki?" Nikamjibu naam, tena bure, sikutozwa kitu. "Bure!" akasema. "Mle ndani mna platinamu."

Usiku ule nilipata darasa ambalo sikulipata ujanani, maana mimi nilitoka chuoni kwa maalimu wangu nikiwa na Msahafu na mwandiko mzuri, na kemia kwangu ilikuwa jina tu, ijapokuwa jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Ndani ya lile kopo, alinieleza, mna kigae chenye vitundu vingi sana, mfano wa sega la nyuki, nacho kimepakwa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ukipita humo, ile hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi, petroli isiyoungua hugeuka maji na hiyo kaboni dayoksaidi, na gesi kali za naitrojeni hurejea kuwa naitrojeni tupu, ile ile tunayoivuta kila siku. Na hizo metali zenyewe hazipungui kwa kazi hiyo. Ndizo ziitwazo kichocheo.

Nikamwambia, "Huyo ni mshenga." Mshenga huwaleta pamoja watu wawili ambao peke yao wangechelewa au wasingekutana kabisa. Ndoa ikisha kufungwa yeye hutoka kama alivyoingia, akaenda nyumba ya pili. Mwalimu akafurahi, akasema lau angalikuwa na mfano huo miaka thelathini iliyopita, wanafunzi wake wangalifaulu zaidi. Kisha akanihadithia juu ya mtu aliyemziba mshenga huyu mdomo kabla hajazaliwa.

Mtu huyo ni Thomas Midgley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1889. Alisomea uhandisi wa mitambo, lakini maisha yake yote yaliishia katika kemia. Injini za zama zile zilikuwa na ugonjwa wa kugonga: petroli hulipuka kwa wakati usiokuwa wake, chuma kikalia, nguvu ikapotea. Midgley akajaribu dawa nyingi. Alijaribu ayodini. Alijaribu teluriamu, ambayo uvundo wake ulimganda mwilini hata watu wakamkimbia. Mnamo Desemba 9, 1921 akajaribu kitu ambacho ni chembe moja ya risasi iliyoshikwa na vikonyo vinne vya kaboni na haidrojeni. Metali iliyofungamana na kaboni namna hiyo ina tabia ya ajabu, kwani risasi, jiwe zito lile, huwa maji yanayoyeyuka ndani ya petroli. Chini ya kijiko cha chai kilitosha galoni nzima. Kugonga kukaisha.

Wauzaji wakayaita mafuta hayo Ethyl, na neno risasi hawakulitaja. Kwetu sisi neno hilo lisingefichika, maana chuma kinachoua na metali hii vina jina moja, nalo ni lile la Kiarabu, rasasi. Midgley alijua. Mwanzoni mwa 1923 ilimbidi apumzike kazi akatafute hewa safi Florida kwa ajili ya sumu hiyo hiyo. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili. Na mwezi ule ule aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa yake mbele yao na kuivuta puani kwa dakika nzima, ati wasadiki kwamba haina madhara. Nimekuwa mwandishi wa habari muda mrefu, na nikiifikiria siku ile najiuliza kama mimi ningeandika nilichokiona au nilichokijua.

Risasi ikatoka mabombani nusu karne. Aliyeifichua zaidi ni Clair Patterson, mtaalamu aliyepima umri wa dunia. Alikuta vyombo vyake vya kupimia vimejaa risasi isiyotakikana, akaifuata ilikotoka, na mwaka 1965 akaandika wazi. Lakini mkono uliosukuma sana ulikuwa wa yule mshenga. Mfaransa Eugene Houdry, aliyehamia Marekani, ndiye aliyetengeneza mapema vichocheo vya kusafisha moshi, ila risasi ilivifunika uso na kuviua. Magari ya Marekani yalipoanza kuwekewa katalitiki kwa wingi, yale ya mwaka 1975, ilibidi yauziwe petroli isiyo na risasi.

Kwetu Kenya petroli ya risasi iliuzwa hadi mwisho wa mwaka 2005. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, Julai 2021, na habari hiyo ilitangazwa kutoka Nairobi na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo kwa makadirio yake vifo zaidi ya milioni moja huepukwa kila mwaka. Ndege ndogo nyingi za injini za pistoni bado zinainywa.

Risasi hudumaza akili ya mtoto, na wataalamu hawajaona kiasi kisichodhuru. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuambiwa na mtu wa mbali. Kijiji cha Owino Uhuru kilijengewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na akina mama wakaona watoto wanaugua. Phyllis Omido alipigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikapanda rufani.

"Sasa angalia," mwalimu akaniambia tukinywa chai. "Dunia imehangaika miaka mia kuitoa risasi, ili kichocheo kiweze kufanya kazi. Halafu wewe unakitoa kichocheo." Nikajitetea kwamba kilikuwa kimeziba. Akasema huenda ni kweli; injini inayokula oili hukiziba kigae, na dawa yake ni kuitibu injini kwanza, kisha kutia kingine.

Asubuhi nikarudi Kitengela kukitaka kitu changu. Kijana alinipokea kwa heshima ile ile. "Aii, mzee, iliendanga jana jioni. Kuna mtu hupitia kuchukua." Nikamwuliza alilipwa kiasi gani, akaangalia chini, akasema ni ya kula tu. Nikamwuliza bei ya nyingine. Akaitaja. Nikaona ni zaidi ya nusu ya bei ya gari.

Nikaliwasha. Mvulana aliyekuwa akichoma mahindi nyuma yangu, hatua tatu kutoka kwenye bomba, akajifunika pua kwa kola ya shati, akaendelea kupepea makaa.